Mtihani wa Angetile Nyuma ya Mkeka

Angetile alikuwa karani wa masjala kwenye kinu cha mpunga hapa Kyela, na katika miaka kumi na minne hakuna faili lililompotea. Ukimwuliza barua ya mwaka themanini na sita iliyotoka Katumba Songwe, alikuwa anainuka bila kufungua daftari, anakwenda moja kwa moja rafu ya tatu, anakuletea na vumbi lake. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya mtihani wake hucheka, wakidhani alikuwa mjinga. Kama kulikuwa na mjinga katika habari hii, ni mimi Shamsa, na sioni haya kukiri.

Kinu kile kilikuwa cha ushirika. Mwaka tisini na saba kikauzwa kwa kampuni binafsi, kama vilivyouzwa vingine vingi miaka ile, na wenye kampuni walipoingia wakawaita makarani wote kumi na mmoja wakawaambia kwamba masjala inafungwa. Mafaili yataingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta itahitaji mtu mmoja tu. Mtu huyo angepatikana kwa mtihani, kwanza wa kuandika, halafu wa vitendo. Somo liliitwa Teknolojia ya Habari katika Mashirika ya Biashara. Kila karani alipewa kabrasha la kurasa arobaini lililochapwa kwa stensili, wino umefifia pembeni, na miezi miwili ya kujisomea.

Mume wa Angetile, Ambilikile, alikuwa amefariki miaka minne kabla. Alimwachia mtoto mmoja, Kisa, aliyekuwa kidato cha pili. Kazi ikiondoka, Angetile angerudi Ndandalo kulima kwa wakwe zake, na shule ya Kisa ingeishia hapo. Alilijua hilo, nami nililijua, kwa hiyo sikushangaa alipokuja dukani kwetu kabrasha limefungwa ndani ya khanga, midomo imemkauka.

"Shamsa mdogo wangu," akaniambia, "nifundishe hilo dude lenu. Sijawahi kuligusa."

Duka ni la kaka yangu Mansuri. Babu yetu alitoka Kilwa na vitambaa begani, sisi tukazaliwa hapahapa, na Mansuri akaongeza saruji na vipuri vya baiskeli. Kompyuta aliinunua kwa sifa zaidi kuliko kwa kazi. Mimi ndiye niliyepelekwa Mbeya miezi mitatu kujifunza kuitumia, nikarudi kichwa kikubwa, nikawa nawachapia watu barua na kadi za harusi kwenye chumba cha nyuma. Tukakubaliana Angetile awe anakuja mchana, duka linapofungwa Mansuri akaswali na kula.

Siku ya kwanza alifuta viganja kwenye khanga mara tatu, kisha akavikalia.

"Nikibonyeza vibaya itakuwaje, Shamsa?"

"Utafuta ulichoandika, mama Kisa."

"Chote?"

"Chote."

Nilisema hivyo kwa kujishaua, nikaona rangi ikimtoka. Kwa mtu aliyekaa miaka kumi na minne akilinda karatasi zisiliwe na mchwa, kwamba kidole kimoja kinaweza kufuta faili zima bila moshi wala majivu, hilo lilikuwa jambo la kutisha kweli. Wiki nzima alibonyeza kila herufi kama anayejaribu kama pasi imeshika moto.

Kwenye sehemu ya kuandika hakuwa na shida. Yeye ni mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, Moraviani, na alizoea kushika maneno kwa kupokezana. Basi mimi nikawa nasoma swali, yeye anafumba macho na kuitika. Kompyuta ni nini? Akajibu. Taja sehemu zake. Akataja, mpaka printa na diski. Tofauti ya data na taarifa. Akaeleza vizuri kuliko kabrasha. Tukafika ukurasa wa kumi na saba.

"Eleza faida tano za teknolojia ya habari kwa shirika la biashara," nikasoma.

"Moja, kuharakisha kazi. Mbili, kutunza kumbukumbu nyingi mahali padogo. Tatu, kupunguza makosa. Nne, mawasiliano."

"Ya tano?"

Alifumbua macho. "Hiyo ya tano siisemi."

Nikaangalia kabrasha. Ya tano ilikuwa kupunguza idadi ya wafanyakazi.

"Bila hiyo unapoteza alama mbili," nikamwambia.

"Felista, karani mwenzangu, naye wanampunguza. Na yule mzee wa stoo. Niandike kwa mkono wangu kwamba ni faida?"

"Andika! Ukishapata kazi utatubu kanisani."

Akacheka kidogo, akaisema kwa sauti ya chini. Nilimrudisha mara sita, mpaka akaisema bila kukwama. Nilijiona mwalimu hodari. Leo nikikumbuka jinsi alivyokuwa akimeza mate kila akiifikia, naona aibu.

Wiki tatu kabla ya mtihani akaacha kuja. Siku ya nne nikamfuata kwake. Nilimkuta amekaa jikoni, mchele kwenye ungo haujaguswa, kabrasha limefunikwa na sufuria.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ni uvivu. Watu wanakesha wanasoma, wewe umekaa na ungo!"

Nikaendelea kumkaripia, maana mimi si mtu wa subira, na nilidhani ni woga uleule wa mashine. Nikamwambia mtu mzima hawezi kuogopa kitu kinachochomekwa ukutani. Nikamwambia Kisa ataacha shule kwa sababu mama yake ameogopa herufi. Machozi yalianza kumtoka, na bado sikunyamaza, Mungu anisamehe.

Kisa ndiye aliyenivuta nje. "Dada Shamsa," akaniambia, "tangazo limebandikwa kinuni. Mtahini wa vitendo ni babu."

"Babu gani?"

"Babu Nsajigwa wa Ndandalo. Mdogo wake babu mzaa baba."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hata hapo nilielewa nusu. Nimezaliwa Kyela, nimewaona tangu utotoni wanawake wa Kinyakyusa wakimwona baba mkwe anakuja njiani wanaingia migombani, wanachuchumaa, wanajifunika khanga mpaka apite. Mke hamtazami mkwe wake wa kiume, hasemi naye, hakai naye chini ya paa moja, na jina lake halitamki. Ndugu wa baba mkwe naye ni mkwe vilevile. Kwa lugha yao wanaita kutila, maana yake kuogopa. Mjini wengi wameshalegeza, nami nilidhani mtu aliyesoma kama Angetile aliyaacha hayo kwa bibi zake. Lakini ukoo wa mumewe haukuwa umelegeza chochote. Na tangazo lilisema wazi kwamba kila mtahiniwa atakaa na mtahini mezani, bega kwa bega.

Nikarudi jikoni, safari hii nikakaa chini.

"Kwa nini hukuniambia, mama Kisa?"

"Ningekuambiaje na jina silisemi?" Alijifuta uso. "Nikikaa naye meza moja, Shamsa, kosa haliniumizi mimi. Mkwe akikasirika, linakwenda kwa mtoto. Nimeliona. Mke wa shemeji yangu alimjibu mkwe kwa hasira mbele za watu, mtoto wake akavimba tumbo, hakumaliza mvua mbili."

"Hayo ni magonjwa tu."

"Labda. Kisa ninaye mmoja."

Asipofanya mtihani, mtoto anakosa shule. Akiufanya, kwa imani yake, anamkosa mtoto mwenyewe. Nilikaa pale mpaka nikasaidia kupeta ule mchele, na woga wake ukaniingia mimi pia.

Kampuni haikuwa imeleta mashine yake bado, ikakodi ya Mansuri. Ndiyo maana mzee Nsajigwa alikuja dukani kuikagua kabla ya siku yenyewe. Alikuwa mstaafu, alifanya kazi za mashine hizi Mbeya miaka mingi, mtu mrefu mwenye koti hata kwenye joto la Kyela. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo alisema kwa sauti ya kuita ng'ombe, na wateja wote walijua alichokuja kununua. Nilipomtajia Angetile, alishusha macho.

"Mke wa mwanetu," akasema kwa kelele zake. "Nimeona jina. Silali. Nimewaambia wa kampuni wanitafutie mwingine, wanasema hakuna, na wakifikiri ninampendelea watamfuta. Binti, una mkeka?"

"Ninao, mzee."

"Utundike kwenye mlango wa chumba. Mimi nitakaa huku mbele, kwenye kaunta. Mtu atakuwa katikati anapeleka maneno. Barua ikishachapwa nitaisahihisha kwa karatasi."

Wa kampuni walikubali, ila kwa masharti. Mpeleka maneno asiwe mimi, kwa sababu nilimfundisha. Mimi niruhusiwe kukaa ndani kuangalia mashine tu, na nikifungua mdomo mtahiniwa anafutwa. Na kila atakachofanya kiwe kwa maneno ya mtahini. Akikataa agizo, amefeli.

Mtihani wa kuandika ukapita. Waliofaulu ni wawili, wamelingana alama, Angetile na Felista. Felista alikuwa msichana wa hesabu za stoo, mwepesi wa vidole, naye ana mama mgonjwa nyumbani. Nafasi ilikuwa moja. Siku ya vitendo Felista alianza, akakaa na mzee bega kwa bega, akachapa barua yake bila kosa kubwa. Na kwa kuwa hakukuwa na karani mwingine pale, mzee akamteua yeye kuwa mpeleka maneno. Wote tuliliona ni jambo la kawaida. Mpaka leo nashangaa tulivyokuwa vipofu.

Mkeka ukashushwa. Angetile akaingia kwa mlango wa uani, khanga imefunika kichwa, akaketi. Mvua za El Nino zilikuwa zimekatika siku ile, bati limekauka, duka kimya, na nje kwenye baraza wateja walikuwa wanangoja tufungue.

"Mwambie aanze barua," mzee akanguruma kule mbele.

Felista akapita chini ya mkeka. "Anza barua."

Ilikuwa barua ya kuwajulisha wakulima wa mpunga siku ya mnada, mistari kumi na miwili. Angetile alichapa polepole. Jasho lilimdondoka kwenye meza, akalifuta kwa kiwiko asiache kibodi. Mstari wa nane, wa tisa. Nilikuwa nasoma naye moyoni. Akamaliza, hakuna kosa hata moja, nikataka kuruka.

"Mwambie aihifadhi."

"Hifadhi," Felista akasema.

Angetile akaharakisha kidole. Badala ya kitufe cha kuhifadhi akabonyeza cha kutoka. Skrini ikabadilika, maneno ya Kiingereza yakatokea katikati: kazi haijahifadhiwa, utoke hivyohivyo, ndiyo au hapana? Angetile akaganda. Yale maneno yangu ya siku ya kwanza, kwamba chote kitafutika, niliyaona yamemjaa usoni.

Akasoma maandishi kwa sauti ndogo, Felista akayapeleka mbele. Tukamsikia mzee, na nadhani hata baraza lilimsikia:

"Hapana! Mwambie abonyeze hapana, asipoteze barua. Kisha ahifadhi."

Felista akarudi. Alisimama nyuma ya kiti, uso umemsinyaa kama mtu mwenye homa.

"Amesema ndiyo," akanong'ona. "Bonyeza ndiyo."

Nilifungua mdomo, nikayakumbuka yale masharti, nikaingiza ncha ya ushungi katikati ya meno nikauma. Angetile alimtazama Felista, kisha akanitazama mimi. Tulisikia wote watatu. Mzee kule mbele, na masikio yake, hakusikia kitu.

"Mimi nimesikia hapana," Angetile akasema polepole.

"Wewe huruhusiwi kumsikia. Maneno yako ni haya ninayokuletea." Sauti ya Felista ilikuwa inakatika. "Bonyeza, la sivyo naenda kumwambia umekataa agizo."

Sijui kama alipanga au hofu ilimpanda tu palepale. Nimejaribu kumsamehe, siku nyingine naweza. Alishika pindo la mkeka atoke. Akitoka, neno lake litakuwa ndilo la mwisho, na mimi sina ruhusa ya kusema.

Angetile akainuka. Khanga ikamteleza kichwani, hakuiokota. Akageukia mkeka, akavuta pumzi kama anavyovuta kwenye kwaya, akapaza sauti mpaka mitungi ya mafuta kwenye rafu ikaitika.

"Tata!" Ndiyo baba, kwa lugha yake. "Tata, nimekusikia mwenyewe! Umesema hapana! Ninabonyeza hapana!"

Barazani mazungumzo yalikufa. Felista akaachia mkeka. Upande wa pili hakukusikika hata kiti. Niliogopa mzee amezimia, nikaogopa ameondoka. Angetile alisimama mikono imemning'inia, macho makavu, akingoja.

"Bonyeza," mzee akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliisema kwa sauti ya kawaida.

Akabonyeza. Akahifadhi. Printa ikakwaruza barua mstari kwa mstari, nikaisukuma chini ya mkeka kwa mguu maana sikuwaamini tena watu wa kupeleka. Mzee akaisoma, akatia saini, akatoka kupitia watu wa barazani bila kumsalimu yeyote.

Kazi ikawa ya Angetile. Barua ya ajira ilikuja Ijumaa, akaniletea niisome, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, mara mbili, lakini hakukaa hata kunywa chai. Jumapili yake wanawake wa ukoo walikuja kutoka Ndandalo. Hawakugombana naye. Walikaa kwenye jamvi, na kila mmoja, kwa zamu yake, akauliza swali lilelile: mtoto hajambo? Aliponisimulia hilo meno yalikuwa yanagongana, na mchana ulikuwa wa jua kali.

Mwezi wa tano Kisa akaanguka homa. Kyela mwezi wa tano, baada ya mafuriko, nani hakuanguka homa? Hata Mansuri alilala siku sita. Lakini mtoto alizidiwa, akaanza kuweweseka, tukambeba hospitali. Angetile hakulia. Alikaa chini sakafuni kando ya kitanda, akaniambia, "Nimeinunua kazi kwa Kisa." Nikamwambia ni malaria, daktari ameona kwenye darubini. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia mgeni asiyejua lugha.

Siku ya tatu, asubuhi, wauguzi wakipita na dawa, tukasikia sauti nje ya dirisha. Wodi nzima iliisikia. Nikachungulia. Mzee Nsajigwa alikuwa amesimama kwenye majani, ametupa mgongo, anazungumza na ukuta wa jengo la pili, koti limelowa umande.

"Sina mtu wa katikati!" akanguruma. "Nasema mwenyewe! Sikukasirika! Siku ile sikukasirika, wala leo, wala sikumsema vibaya kwa mtu yeyote! Mtoto ana malaria! Malaria tu!"

Akangoja. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka.

"Mjibu," nikamwambia Angetile. "Amekuja kwa miguu kutoka Ndandalo. Mjibu tu, mama Kisa, mambo yaishe."

Alikuwa amejikunja chini ya kingo ya dirisha, khanga imefunika kichwa mpaka magotini. Akatikisa kichwa. Nilipoivuta khanga niliona ameushika mdomo wake kwa mikono miwili, kwa nguvu, machozi yanapita katikati ya vidole. Alikaa hivyo mpaka hatua za mzee ziliposikika zikiondoka kwenye kokoto.

Kitandani Kisa alikuwa amefumbua macho. Jasho limemtoka, homa imeshuka.

"Mama," akauliza, "yule si babu? Mbona humwitikii?"

Angetile akaondoa mikono mdomoni, akamshika mtoto mguu.

"Mara moja nilimwitikia, mwanangu," akasema. "Sina mtoto mwingine wa kuweka rehani kwa mara ya pili."